Maswali ya macho: Lenzi ya monofokali au multifokali, ipi inaona vizuri?

Tangu nijibu swali moja fupi la mtoto wa jicho kwenye toleo lililopita, maswali yamemiminika na karibu yote yanauliza kitu kimoja, nikishafanyiwa operesheni niwekewe lenzi gani. Nimechagua matano, mengine nimeyafupisha kidogo.

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 66, ni mwalimu mstaafu. Nimeambiwa nina mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wangu amenielezea lenzi mbili, ya kawaida ambayo anaiita monofokali, na nyingine multifokali ambayo anasema sitavaa miwani tena. Mwanangu anasema nichukue hiyo ya pili kwasababu ndo ya kisasa. Mimi swali langu moja tu, ipi inaona vizuri zaidi? Nasoma sana, usiku siendeshi gari.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nimefurahi ulivyouliza, maana wengi wanauliza ipi itawaondolea miwani, wewe umeuliza ipi inaona vizuri, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa ambayo watu wanayachanganya kila siku halafu wanakuja kujuta.

Tuanze na operesheni yenyewe. Daktari anapitia kwenye tundu la milimita 2 au 3 hivi, anaitoa lenzi yako ya asili iliyoingia ukungu, anakiacha kile kifuko chembamba ilichokuwa imekaa ndani yake, kisha anaingiza lenzi ya plastiki ikiwa imekunjwa na ikifika ndani inajikunjua yenyewe. Sasa lenzi yako ya asili ulipokuwa kijana ilikuwa inabadilika umbo, ukitazama karibu inatuna, ukitazama mbali inatulia. Hii ya plastiki haitunii, umbo lake ni lilelile asubuhi mpaka usiku.

Ndo maana monofokali inaona umbali mmoja. Mwanga wote unaoingia inaupeleka kwenye picha moja. Wengi wanawekewa ya mbali, wanaona mbali safi kabisa, kisha kitabu wanasomea miwani, kama ya +2.50 hivi kwa kitabu ukikishika sentimita 40.

Multifokali inagawa. Nyingi zimechongwa miduara, ukiiweka chini ya hadubini unaona pete ndani ya pete kama kisiki cha mti uliokatwa, na vingazi vya pete hizo ni vyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Kazi ya pete ni kuugawa mwanga, huu wa mbali, huu wa karibu, na kwenye zile za trifokali kuna fungu la umbali wa katikati pia, wa kompyuta. Ile ya sehemu mbili iliyogawa sawa kwa sawa, takriban asilimia 41 ya mwanga inaenda mbali, 41 karibu, na 18 inayobaki haitengenezi picha yoyote ya maana, inatawanyika tu ndani ya jicho. Za siku hizi zimepunguza huo upotevu lakini kugawa bado zinagawa, hakuna mwanga wa ziada unaotoka popote.

Na hapa ndo penye kitu ambacho natamani kila mgonjwa angeelezwa kabla ya kusaini. Picha zote mbili au tatu zinakaa kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, kwa wakati mmoja! Ukiwa unasoma, picha ya karibu imekaa sawasawa na papo hapo picha ya mbali imetandazwa juu yake, imefifia kama ukungu, ubongo wako ndo unachagua ya kufuata. Kwahiyo kwa ubora wa picha peke yake, kwa ule umbali iliowekewa, monofokali ni bora. Nasema hivyo bila kusitasita. Hata uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ambao walikusanya majaribio ya kulinganisha lenzi hizi, ulikuta kuona mbali kwenye chati hakupishani sana, wenye multifokali wanaona karibu vizuri zaidi na wengi wao wanaachana na miwani, ila wanasumbuliwa zaidi na pete za mwanga na mng'ao.

Sasa utaniuliza, kama kwenye chati wanalingana, ubora unapungua wapi? Chati ni herufi nyeusi tii kwenye ubao mweupe pe, taa imewaka vizuri. Mambo mengi tunayotazama hayako hivyo. Chukua ile karatasi ya maelezo inayokuwa ndani ya boksi la dawa, imekunjwa mara nyingi, maandishi ya kijivu kwenye karatasi nyembamba ambayo ya upande wa pili yanaonekana kwa chini, halafu uisome jioni kabla hujawasha taa. Au ngazi za saruji saa za magharibi, ngazi ya mwisho ina rangi ileile ya sakafu. Uwezo wa kutenganisha kijivu na kijivu unaitwa kontrasti, na huo ndo multifokali inaupunguza kwasababu mwanga umegawanywa. Mtu anasoma mstari wa 6/6, yaani wa macho mazima, kwa daktari, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani anasema mbona naona kama kuna moshi. Hadanganyi, anachokiona ni cha kweli ila chati haikipimi.

Kwako wewe mwalimu, huendeshi usiku, hilo linakupa nafasi. Kama retina zako ni nzima na miwani inakukera kwelikweli, multifokali sikukatazi, ila ujue utasoma vizuri ukiwa na taa nzuri na kitabu kikiwa kwenye umbali ule lenzi iliochongewa, kama 40 hivi. Ila kama miwani umevaa miaka 30 na haikusumbui, mi ningekushauri monofokali tena bila kujiona umechukua kitu duni. Mwambie mwanao kisasa chake ni kwenye kuondoa miwani, kwenye kusoma ile karatasi ya dawa jioni, lenzi ya kawaida ikisaidiwa na miwani ndo itakayokutoa vizuri.

SWALI: Daktari naomba msaada. Nina miaka 54, dereva wa masafa. Miezi miwili iliyopita niliwekewa multifokali jicho la kulia. Mchana sina tatizo, simu nasoma bila miwani, nilifurahi sana. Usiku sasa ndo shida, taa ya gari inayokuja mbele inakuwa na mapete kama utando wa buibui, gari likiwa mbali pete zinameza hata mstari wa barabara. Nilivyorudi walinipima wakasema jicho linaona 6/6 na kila kitu kiko sawa. Mwezi ujao nimepangiwa jicho la kushoto lenzi hiyohiyo, na nimeambiwa nikiendelea kulalamika nitapigwa leza ya kusafisha. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana kaka. Kwanza mambo mawili ya haraka kabla sijaeleza chochote: jicho la kushoto lisifanywe mpaka hili la kulia lieleweke, na hiyo leza isipigwe kwanza. Nitarudi kwenye yote mawili.

Unachokiona kina sababu ya wazi. Ile pete unayoiona kuzunguka taa ni picha ya taa hiyohiyo iliyotengenezwa na fungu la karibu la lenzi, kwasababu taa iko mbali ile picha haijakaa sawa, imetanuka ikawa duara la mwanga kuzunguka picha nzuri iliyo katikati. Mchana ipo pia ila huioni kwasababu kila mahali kuna mwanga. Usiku kumekuwa na kitu kimoja kinachong'aa kwenye giza, hapo ndo inajitokeza, na mboni nayo usiku imefunguka kwahiyo pete nyingi zaidi za lenzi zinafanya kazi. Kuna lenzi zilizochongwa ili mboni ikifunguka mwanga mwingi uende mbali, hizo zinapunguza kidogo, lakini hazimalizi.

Habari nzuri ni kwamba ubongo unazoea. Wengi pete zinafifia ndani ya miezi 3 hadi 6, wengine mpaka mwaka, zipo ila hawazijali tena, kama saa ya ukutani ambayo huisikii mpaka mgeni aulize. Miezi miwili bado ni mapema. Lakini wapo wasiozoea, na kwa mtu anayekula kwa usukani wa usiku sitakudanganya kwamba subira inatosha, na kwa sasa hivi usiendeshe usiku, hili nakuomba kabisa kwasababu pete inayomeza mstari wa barabara inaweza kummeza na mtembea kwa miguu.

Wakati unasubiri kuna vitu vya kupima upya na usikubali jibu la 6/6 tu. Namba ya miwani iliyobaki kwenye jicho, hata ndogo, na hasa astigmatizimu, yaani konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, kutokuwa na mviringo sawa pande zote. Kwenye monofokali mtu anaweza kubaki na kidogo akaishi nayo, kwenye multifokali hata robo tatu ya daiopta, kile kipimo cha nguvu ya lenzi, inatosha kuharibu picha, na hiyo inaweza kurekebishwa kwa miwani ya kujaribu hapohapo kwenye kiti, wakikuwekea ukaona pete zimepungua basi mmempata mchawi. Ukavu wa macho nao, wengi hawauchukulii serious lakini chozi ndo kioo cha kwanza mwanga unakopita, likiwa na mabaka picha inaharibika kabla hata haijafika kwenye lenzi. Na waangalie katikati ya retina kwa kipimo cha skani, baada ya operesheni kuna wakati panavimba kidogo bila maumivu.

Sasa leza. Kile kifuko nilichomwelezea mwalimu, ukuta wake wa nyuma unaweza kuingia ukungu miezi au miaka baada ya operesheni, na ikitokea hivyo leza ya YAG inatoboa kidirisha katikati na mtu anaona tena, ni kazi ya dakika chache na ni kitu kizuri. Ila kama ukungu haupo au ni kidogo, leza haitaondoa pete zinazotoka kwenye lenzi yenyewe. Na ubaya wake kwa mtu kama wewe ni huu, ukiamua baadaye lenzi itolewe ibadilishwe na monofokali, kifuko kikishatobolewa kubadilisha kunakuwa kugumu na hatari zaidi. Kwahiyo mpangilio ni kuamua kwanza kama lenzi inabaki, ndipo leza ifuate, isiwe kinyume chake. Nimeona watu wakipigwa leza kwanza kwasababu ni rahisi, halafu mlango ukawa umefungwa nusu.

Kubadilisha lenzi kunawezekana, na ni rahisi zaidi miezi ya mwanzo kabla kifuko hakijaishikilia sana lenzi, lakini ni operesheni nyingine na ina hatari zake, sio ya kukimbilia wiki hii.

Jicho la kushoto ndo turufu yako. Ongea na daktari wako kuhusu kuweka monofokali ya mbali upande huo. Unaendesha kwa macho mawili, jicho moja likitoa picha safi ya usiku isiyo na pete ubongo unaegemea huko, huku la kulia linaendelea kukusomea simu. Kuna watu wanaishi hivyo vizuri sana. Ukiingia kwa daktari usiseme tu sioni vizuri, mwambie natoka kazini usiku barabara isiyo na taa, pete zinaficha mstari kwa umbali huu, mchana sina shida. Maelezo kama hayo yanamsaidia kuliko mistari yote ya chati.

SWALI: Mimi nina presha ya macho natumia matone miaka 9 sasa, pembeni nimeanza kupoteza kidogo. Naweza kuweka multifokali kama dada yangu? Yeye anafurahia sana.

JIBU: Hapana ndugu yangu, mi nisingekuwekea. Presha ya macho inakula kontrasti yenyewe kwa taratibu, na multifokali inakata tena kipande kingine, utalipa mara mbili. Hivyohivyo kwa wenye kisukari kilichogusa retina na wenye ugonjwa wa katikati ya retina wa uzeeni, hawa wanahitaji kila chembe ya mwanga iende sehemu moja. Hata kama jicho lako leo linapima vizuri, fikiria na miaka 10 mbele, presha haijawahi kurudisha ilichochukua. Monofokali, ikiwezekana ile iliyosanifiwa kupunguza ukungu unaoletwa na mwanga wa pembezoni mwa lenzi, na miwani nzuri ya kusomea. Dada yako ana macho mengine.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mshonaji, miaka 49, mtoto wa jicho amekuja mapema. Tangu shule navaa mainasi 4. Nikitunga uzi kwenye sindano navua miwani nasogeza karibu na uso naona kila nyuzi. Daktari amesema atanirekebisha nione mbali bila miwani, nimefurahi lakini shoga yangu amenitia wasiwasi eti sitaweza kushona tena. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na huyo shoga yako mshukuru, amegusa kitu ambacho hata kliniki nyingi kinasahaulika.

Mainasi 4 maana yake ukivua miwani jicho lako linaona safi kabisa kwenye sentimita 25 kutoka usoni. Wewe hapo una kikuzia cha bure umetembea nacho tangu utoto, huoni kama ni kipaji kwasababu hujawahi kukikosa. Ukiwekewa monofokali ya mbali macho yote, mabango utasoma, sura ya mtu ng'ambo ya barabara utaijua, na asubuhi utaamka unaona saa ya ukutani, kwa mtu aliyevaa mainasi 4 maisha yote hiyo asubuhi ya kwanza huwa wengine wanalia. Lakini sindano ukiisogeza pale kwenye 25 bila miwani itakuwa ukungu mtupu. Ukiivua miwani haikusaidii tena, sasa ndo itabidi uivae.

Multifokali itakupa karibu, ila karibu yake ni ile iliyochongwa kiwandani, nyingi ni kama sentimita 40, na kontrasti imegawanywa. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ndo mtihani mgumu kuliko wote wa kontrasti, mi sioni ukiufurahia. Wenye mainasi waliozoea kusoma bila miwani ndo wagonjwa wanaovunjika moyo zaidi na multifokali kwa upande wa karibu, kwasababu wanailinganisha na jicho lao la zamani ambalo kwa karibu lilikuwa halina mpinzani.

Kwahiyo kuna njia ambayo watu hawaifikirii. Omba monofokali ziachwe mainasi kwa makusudi, kwenye mainasi 2.5 utaona safi kwenye 40, kwenye mainasi 3 utaona safi kwenye 33, kisha mbali unavaa miwani kama ulivyozoea ila nyepesi zaidi. Utashona bila miwani karibu kama ulivyokuwa unashona. Au jicho moja la mbali jingine la karibu, lile linaloongoza ndo linapewa mbali, inaitwa monovishoni, na uzuri wake unaweza kuijaribu kabla ya kukatwa kama ukungu bado haujawa mwingi, wanakuvalisha kontakti lenzi wiki moja mbili ushone nazo, upande ngazi, umimine chai kwenye kikombe uone kama unakosea, maana kupima kina kunapungua kidogo. Kama ubongo wako umeikataa kwenye kontakti lenzi hautaipenda kwenye operesheni, na hapo umejua bure.

Nenda na sindano na uzi kwenye miadi yako. Kweli kabisa, mkalie daktari mbele yake utunge, amuru msaidizi apime kwa rula umbali kutoka jicho mpaka sindano, hiyo namba ndo wataifanyia hesabu ya lenzi.

SWALI: Lenzi inadumu miaka mingapi? Na nikiweka multifokali leo, ikitoka nzuri zaidi baadaye nabadilisha?

JIBU: Lenzi inadumu maisha. Harold Ridley aliyeweka ya kwanza London mwaka 1949 alichagua plastiki ya akriliki kwasababu aliona macho ya marubani wa vita yaliyoingiwa na vipande vya kioo cha ndege cha plastiki hiyo, vikakaa humo bila jicho kuvikataa. Plastiki za leo ni laini zaidi lakini hesabu ni ileile, ikitulia imetulia. Ukiona ukungu umerudi baada ya miaka, mara nyingi ni kile kifuko na sio lenzi.

Kubadilisha ili kupata toleo jipya, hapana, jicho sio simu. Kila mwaka unaopita kifuko kinaishika lenzi zaidi, na hakuna daktari makini atakayelifungua jicho linaloona vizuri. Kama hujaamua na ukungu wako bado unavumilika, subiri ukiwa na jicho lako. Kuna na lenzi za katikati, zile za kurefusha masafa, zinatoa mbali na kompyuta vizuri, kusoma maandishi madogo unaongeza miwani nyepesi, na pete za usiku kwa kawaida ni chache kuliko trifokali ingawa hazikosekani kabisa kwa zote. Kwa mtu anayesitasita kama wewe ningeanza kuulizia hizo.

Na kama unavaa kontakti lenzi, ziache kabla ya siku ya vipimo, laini kama wiki moja au mbili, ngumu zaidi ya hapo kadri daktari atakavyokuambia, kwasababu zinaikandamiza konea na ikipimwa ikiwa imekandamizwa namba ya lenzi inatoka na makosa hata kama lenzi yenyewe ni ya hali ya juu namna gani.